Bomba lililozibuliwa likahesabiwa limeziba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilifundisha sekondari miaka 31, na sasa ni katibu wa chombo cha watumia maji katika kata moja ya Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Kilichonishikisha kalamu ni fundi wetu wa bomba, ambaye nusura aachishwe kazi kwa sababu ya herufi moja tu, herufi u.

Ilikuwa kikao cha robo mwaka, mwezi Juni. Ripoti ililetwa imechapwa kwa rangi, ina chati ya nguzo, na nguzo nyekundu iliyoandikwa "kuziba" ilikuwa imepanda Aprili, ikafika kileleni Mei. Mradi wetu ni wa maji ya mserereko, yanateremka yenyewe kutoka Usambara Mashariki, na wakati wa masika dakio, pale maji yanapoingilia bombani, hujaa tope na majani. Mei ndiyo mwezi ambao fundi huyu alishinda kule juu siku nne mfululizo, amevaa buti za mkopo, akitoa uchafu kwa mikono. Mwenyekiti akaiangalia ile nguzo nyekundu, akamgeukia: "Fundi, wewe Mei ulikuwa wapi?" Fundi akanyamaza. Ni mtu wa maneno machache, na karatasi ya rangi inatisha.

Nikaomba tusomewe meseji zenyewe, tuiweke kando ile chati. Karani akafungua kompyuta akaanza kusoma. "Mungu ambariki fundi bomba letu limezibuliwa leo." "Ahsanteni kwa kuzibua." "La shuleni nalo limezibuka jioni hii." Kila moja ya meseji hizo ilikuwa na alama pembeni, kwenye safu ya aina ya tatizo: KUZIBA. Watu walishukuru, kompyuta ikaandika wameshtaki. Kadiri fundi alivyozibua, ndivyo alivyoonekana ameharibu.

Sasa nieleze lilivyotokea, maana najua ofisi nyingi zina mfumo wa namna hii na huenda nazo zinawahukumu mafundi wao hivihivi.

Mwananchi akikosa maji hutuma meseji. Inaingia kwenye kompyuta kama mstari mmoja wenye visanduku: tarehe, namba ya dira, kitongoji, na kisanduku kipana kinachoitwa Maelezo. Hivyo vingine ni namba na majina. Kwenye Maelezo ndiko mtu anakosema lake, tena anasema apendavyo. Jambo moja, maji hayapo, nimeliona limeandikwa hayatoki, hayajatoka, hayakutoka, hayatatoka nini leo, yasipotoka mtanikuta ofisini, yamegoma kutoka. Kompyuta inayohesabu maneno kwa kufuata nafasi iliyo katikati yao huona hapo maneno mbalimbali, kila moja limetokea mara moja, na hakuna tatizo lolote kubwa katika kata. Kwa hiyo lazima maneno yapasuliwe. Kwa hilo sina ugomvi na mtu. Kupasua maneno ndiko kulikonilisha miaka 31. Ha-ya-ja-tok-a: ha ya ukanushi, ya ya ngeli, ja ya wakati, tok mzizi, a kiishio. Wanafunzi wangu walikuwa wakiuliza, "Mwalimu, hii itatusaidia nini maishani?" na mimi nilikuwa nawajibu kwamba itakuja kwenye mtihani.

Kazi hiyo ya kupasua, katika mfumo tuliouziwa, inafanywa na skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata mstari kwa mstari. Mjukuu wangu anasomea mambo haya chuoni, akaja likizo, nikampa ile skripti aifungue. Ilikuwa fupi ajabu, kama ukurasa mmoja wa daftari. "Bibi," akasema, "huyu bwana amekata vichwa na mikia tu." Na kweli. Kulikuwa na orodha ya vichwa: ha, wa, ki, vi, ma, tu, ni, li, na, me, ta na wenzao. Kulikuwa na orodha ya mikia: ni, wa, ka, sha, ia, ika, ua, uka, uliwa. Neno likiingia, skripti inalikata kichwa, inakata kinachofuata kama nacho kimo kwenye orodha, inaendelea hivyo mpaka inakwama, halafu inageukia mkia. Kinachobaki ndicho inachokiita mzizi.

Nisiwe mchoyo, mara nyingine ilipata. Mabomba ikayarudisha kwenye bomba. Matope yakawa tope. Kilula na vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, vikakutana kwenye lula, si neno lakini walau vimekutana. Lakini tazama mengine. Walimu ikawa wa-li-mu, ikabaki mu, kana kwamba kuna kitendo watu walikifanya zamani kinachoitwa kumu. Wanawake ikakatwa wa, ikakatwa na, ikakatwa wa tena, ikabaki ke. Jirani akawa jira. Bwana mmoja aliyesaini meseji yake kwa jina la Ramadhani akawa Ramadha. Habari ikawa bari. Maji yenyewe, Mhariri, neno lililomo karibu katika kila meseji, likakatwa ma, na hivyo mzizi ulioongoza katika ripoti nzima ya mwezi ulikuwa ji. Hakuna aliyeuliza ji ni nini. Ilikuwa kwenye jedwali, ina namba mbele yake, ikapita.

Na tuna kitongoji kinachoitwa Kisimani. Skripti ikakata ki, ikakata ni, kikabaki sima. Kila kisima nacho kikawa sima. Kwa hiyo watu wa Kisimani, ambao hawana kisima tangu nikiwa msichana na wanategemea bomba kama sisi wote, wakiandika "huku Kisimani maji hakuna" walihesabiwa na wenye visima vibovu, na wote pamoja wakawekwa chini ya neno ambalo kwa watu wa pwani ni ugali. Nilicheka mpaka mjukuu akaniletea maji ya kunywa. Baadaye nikakumbuka kwamba mwaka jana Kisimani hawakupangiwa hata mita moja ya bomba jipya, nikaacha kucheka.

Nirudi kwa fundi. Mwandishi wa skripti aliona ziba, zibia, zibwa, zibisha, akaona na zibua, zibuka, zibuliwa, akadhani yote ni mikia ya aina moja, akaikata yote abaki na zib. Kwa mtu aliyejifunza sarufi, hapo pana shimo. Mkia wa zibia unaongeza anayetendewa. Mkia wa zibwa unabadilisha nani anatajwa mbele. Lakini ile u ya zibua inageuza kitendo chenyewe juu chini. Ndiyo kauli ya kutendua, na sisi wa maji tunaishi nayo kila siku: ziba na zibua, funga na fungua, fukia na fukua. "Fundi amefunga koki" na "fundi amefungua koki" kwa skripti ile ni habari moja, fung. Mtu mwenye ndoo tupu anajua kama ni moja.

Na usidhani dawa ni kuiambia kompyuta kwamba kila ua ni kinyume. Hakuna kusumba ambako kusumbua ndiko kinyume chake. Chukua haina chuka. Pasua haitengui pasa. Nunua je? Kwa hiyo hakuna njia ya mkato, lazima mtu akae aandike: neno hili lina kinyume, hili halina. Tulikaa. Mjukuu kwenye kompyuta, mimi na daftari, jioni baada ya jioni, tukipitia meseji za mwaka mzima. Nilidhani tutafika mizizi maelfu. Haikufika mia mbili. Watu wa maji wana mambo machache ya kusema, wanayasema kwa namna nyingi.

Tulichogundua mezani pale ni kwamba skripti ya mwanzo ilikuwa haijui foleni. Vipande vya kitenzi cha Kiswahili vimepanga mstari na havipitani. Ukanushi mbele, kisha nafsi au ngeli, kisha wakati, kisha o ya urejeshi ikiwepo, kisha mtendwa, ndipo mzizi, ndipo kauli, ndipo kiishio. Tena vinajuana. Ukiona na ya wakati uliopo, kiishio cha kitenzi cha Kibantu hakiwezi kuwa e. Kwa hiyo wa-na-wak-e, hata kama kuwaka ni mzizi halali, inakataliwa mlangoni: na na e hawakai nyumba moja. Basi hilo si kitenzi, ni wanawake, liache zima. Lakini wanawaka, kwa a, inapita. Mjukuu alipoona kompyuta imekataa ya kwanza na kupokea ya pili alipiga meza. Mimi nilikuwa nafundisha kitu hiki kidato cha tatu na hakuna aliyewahi kunipigia meza.

Jambo jingine ni ku. Mtu anaandika "maji tunayokunywa yana tope". Skripti inaona ku, inasema huyo ni wewe, kama katika tunakupenda. Hapana. Kunywa ni kitenzi cha mzizi mfupi, hakina nguvu ya kusimama peke yake baada ya na, kwa hiyo kinaibeba ku yake ya mwanzo kama mtoto anavyobeba blanketi. Vivyo hivyo anakula, anakuja, anakufa. Lakini anakupa ni wewe kwelikweli, kwa kuwa kupa haiendi bila mpewaji. Halafu geuza kwenye ukanushi, hatunywi, na ku imetoweka. Vitenzi vya namna hiyo ni vichache, tukaviandika vyote kwenye ukurasa mmoja na yakaisha.

H nayo ilitusumbua. Watu wengi hawaitamki, na asiyeitamka haiandiki: "maji ayatoki". H ikianguka, ukanushi unaanguka nayo, na skripti inayotafuta ha haioni malalamiko hapo. Kilichotuokoa ni mkia. Ukanushi wa wakati uliopo huacha alama sehemu mbili, mbele ha na nyuma i, hivyo hata mlango wa mbele ukiibiwa bawaba, wa nyuma upo: toki. Tukafurahi siku mbili, kisha ikaja meseji "pampu ya zamani yanarudi matope". Rudi inaishia i siku zote, ikikubali na ikikataa, kama vitenzi vingi tulivyopokea kutoka Kiarabu. Kwa hivyo ile sheria ya i tukaiandikia pembeni, kwa kalamu nyekundu, isiguse rudi, baki, hitaji wala keti.

Vijana wanaandika kwa njia yao. "2mechoka cku 2 maji hamna." Hiyo nilisomewa na mjukuu. C ni si, cku ni siku. 2 ya kwanza ni tu, 2 ya pili ni mbili. Tarakimu moja katika sentensi moja ni kiambishi nafsi na ni hesabu! Ungeniletea hilo darasani zamani ningekuchapa. Leo naona lina kanuni: tarakimu iliyogandana na herufi ni kiambishi, iliyosimama peke yake ni namba. Tukaiweka kwenye skripti, na inafanya kazi kuliko nilivyotaka ifanye.

Tena kuna maneno ambayo hayakatiki kwa kisu chochote, lazima utazame jirani zake. "Maji hayatoki toka Jumatatu": toka ya kwanza ni kitenzi, ya pili ni tangu, na skripti ilihesabu malalamiko mawili kwa mtu mmoja. "Yamekatwa kata nzima." Huku kwetu kata ni kukata, kata ni eneo la diwani, na kwa bibi zetu kata ni kile kifuu chenye mpini cha kuchotea maji mtungini. Neno linalofuata ndilo linalotoa siri. Nzima, yetu, hii: hiyo ni ya diwani.

Mjukuu alinionyesha kwamba tatizo hili lina wenyewe na lina historia. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alichapisha utaratibu wa kukata mikia ya maneno ya Kiingereza, na ulienea duniani kote, kwani Kiingereza uzito wake wa viambishi uko nyuma na si mwingi. Nadhani, ingawa siwezi kuthibitisha, kwamba aliyetuandikia skripti alijifunza kutoka huko, akaona Kiswahili ni jambo lilelile ila na vichwa vimeongezeka. Lakini mwaka 1983 huko Helsinki, Kimmo Koskenniemi alikuwa ameshatoa njia nyingine, ya ngazi mbili, aliyoijaribu kwanza kwa lugha yake, Kifini, ambayo nayo ina maneno marefu ya kupachikana. Ngazi ya juu ni neno tunavyoliandika, ya chini ni vipande vyake kabla havijayeyukiana. Juu vyombo, chini vi-ombo. Juu vyoo, chini vi-oo. Juu mengi, chini ma-ingi. Na Mfini mwingine, Arvi Hurskainen, akaichukua njia hiyo akaitumia kwa Kiswahili, akaandika habari zake mwaka 1992, na programu zake za Kiswahili akazipa jina SALAMA. Mwaka 1992, Mhariri! Mimi nilikuwa na chaki mkononi, nikiwaambia watoto hii itakuja kwenye mtihani, na mtu wa Ulaya Kaskazini alikuwa anaifundisha mashine foleni ileile niliyokuwa naichora ubaoni.

Sikasirikii Wafini, Mungu awabariki. Nasikitika kwamba kampuni inayouza mfumo kwa wanakijiji wa Muheza haikumtafuta hata mwalimu mmoja wa Kiswahili, na walimu wastaafu tumejaa, tunauza maandazi.

Kuna wakati nilijiuliza kama kosa ni letu kuandika maneno marefu hivi. Batswana huandika vipande vingi vya kitenzi mbalimbali: Ke a go rata, maneno manne. Wazulu wanagandisha kama sisi: ngiyakuthanda, neno moja. Ninakupenda yetu ni moja pia. Lugha ni ndugu, maneno ni ya ukoo mmoja, ila waliozitungia maandishi waliweka nafasi walipoona panafaa. Kwa hiyo ile nafasi nyeupe ambayo kompyuta inaiamini kama mpaka wa shamba ni uamuzi wa watu tu. Ukitaka kupata maana ya Kiswahili huna budi kuingia ndani ya uzio.

Mjukuu ananiambia tena kwamba mashine kubwa za siku hizi, zinazojibu na kuandika zenyewe, hazina daftari la mizizi. Zinahesabu herufi zipi hupenda kufuatana, zinazigandisha kuwa kipande, mbinu ambayo Philip Gage aliitoa mwaka 1994 kwa ajili ya kubana mafaili, na watafiti wa Edinburgh wakaihamishia kwenye tafsiri ya lugha mwaka 2016. Kwa maandishi mengi inafanya kazi nzuri, sibishi. Lakini kama karibu yote mashine iliyosoma ni Kiingereza, itayakata maneno yetu mahali ilipozoea yenyewe. Sisi tuna meseji mia chache za maji kwa mwaka. Kwa kazi ya ukubwa huo daftari langu linatosha, na linaweza kuulizwa kwa nini limekata pale lilipokata.

Sasa maombi yangu kwa wanaotengeneza mifumo hii, na kwa halmashauri na mashirika yanayoinunua. Msikate juu ya maandishi ya mwananchi mwenyewe. Skripti ya kwanza ilikuwa inafuta kisanduku cha Maelezo baada ya kukikata, ikidai inapunguza uzito wa faili. Tuliponea kwa kuwa karani wetu, mtu mwenye wasiwasi, alikuwa na tabia ya kutunza nakala. Bila nakala ile leo fundi angekuwa nyumbani. Fundi cherehani akipewa kitambaa hupima kwanza, hukata baadaye, na vipande vinavyobaki humrudishia mteja. Maandishi asilia yabaki yalivyo, na vipande viwekwe kwenye safu mpya pembeni yake.

Na vichwa mnavyovikata msivitupe. Hili nalisema kwa sababu baada ya kazi yote ile, baada ya kumsafisha fundi mbele ya kikao na mwenyekiti kumwomba radhi (alimwomba vizuri, kwa kusimama), skripti yetu mpya nayo ikateleza, na ikateleza palepale kwenye ziba. Meseji ilisema: "Fundi ameziba lile tundu la bomba kwa mama Salimu ahsante." Hapa kuziba ni dawa. Bomba likiziba ni balaa, tundu likizibwa ni heri. Mzizi ni uleule, hakuna u ya kutendua, neno zima halina kasoro, na bado kompyuta ilitia alama ya tatizo. Nikakaa nalo usiku kucha, nikalipata alfajiri nikiwa natia udhu. Jibu liko kwenye kichwa, kile kipande ambacho kila mwenye skripti anakiona makapi. Limeziba: li, bomba ndilo lililoziba, tatizo. Ameziba: a, mtu ameziba kitu, kazi imefanyika. Ngeli ndiyo inayosema nani katenda. Tangu siku hiyo kila kipande kina safu yake: ukanushi, ngeli, wakati, mtendwa, mzizi, kauli, kiishio. Jedwali limekuwa pana, karani analalamika kwamba halienei kwenye karatasi moja. Alichapishe kwa ulalo.

Ipo meseji moja bado hatujaiweza. Imekuja wiki iliyopita kutoka Kisimani: "Fundi kaziba." Basi, hakuna neno jingine. Ka hapo ni ame ya mazungumzo, hilo skripti inalijua. Lakini kaziba tundu, au kaziba bomba letu? Nilimpigia simu aliyetuma. Hakupokea. Nimemwambia fundi apitie huko kesho akaangalie.

Daftari la mizizi liko kwangu. Mtengeneza mifumo anayelitaka alinakili bure. Aje Jumamosi baada ya saa nne, asubuhi naenda gulioni.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Muheza, Tanga